Kumfundisha kula kwa mdomo mtoto aliyezoea kulishwa kwa mrija: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 wanaopata chakula chao chote, au sehemu yake, kwa mrija wa kulishia. Huenda mrija huo, ambao wodini wengi huuita mpira, unapita puani hadi tumboni, au umewekwa na daktari wa upasuaji moja kwa moja kwenye ukuta wa tumbo. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mtoto wako, hasa pale swali linapohusu usalama wa kumeza.

Kwa nini mtoto wangu anakataa kula, ilhali ugonjwa uliosababisha awekewe mrija umekwisha kupona?

Kwa sababu kula ni jambo la kujifunza, na mtoto huyu hakupata nafasi ya kujifunza kwa wakati wake. Mtoto mchanga hunyonya bila kufundishwa, lakini hali hiyo ya kunyonya yenyewe hufifia kadiri miezi ya mwanzo inavyopita, na anapofikia miezi 4 hadi 6 mtoto hunyonya kwa kuwa anataka na amezoea. Aliyeipita miezi hiyo akiwa na mrija amekosa mazoezi, na akiletewa kijiko akiwa na umri wa mwaka mmoja hana pa kuanzia.

Sababu ya pili ni njaa. Mtoto anayejazwa maziwa kwa saa zilizopangwa, hata usiku akiwa amelala, hapati nafasi ya kuhisi tumbo likidai na kisha likitulia baada ya yeye kumeza. Bila kuupitia mfululizo huo mara nyingi, hawezi kujua kwamba kijiko kina uhusiano wowote na kushiba.

Sababu ya tatu ni maumivu, nayo husahauliwa kuliko zote. Mdomo na pua za mtoto huyu vimepitiwa na mipira, mashine ya kunyonya makohozi, plasta inayobanduliwa shavuni kila mrija unapobadilishwa, na matapishi yenye asidi. Anapoubana mdomo na kugeuza uso akiona mkono unamkaribia, anajilinda. Kuiita hali hiyo kiburi au kudeka ni kumwonea. Kwa hiyo kabla ya kuanza mafunzo yoyote, mwombe daktari atafute maumivu yaliyojificha, yaani kiungulia, vidonda vya mdomoni, meno yaliyooza na choo kigumu. Mtoto ambaye hajapata choo kwa siku tatu hatamani chakula, hata kiwe kitamu namna gani.

Nitajuaje kuwa kumeza ni salama kwake?

Hili ndilo swali la kwanza, na halijibiwi nyumbani peke yake. Dalili unazoweza kuziona ni kukohoa au kupaliwa mara kwa mara wakati wa kula au kunywa, sauti kuwa na majimaji baada ya kumeza, macho kulengwa na machozi, kupumua kwa haraka, midomo kubadilika rangi, na nimonia zinazorudi kila baada ya muda mfupi. Hata hivyo wapo watoto, hasa wenye matatizo ya ubongo, ambao chakula huingia kwenye njia ya hewa bila wao kukohoa hata kidogo. Mtoto wa namna hiyo huonekana anakula vizuri, kumbe mapafu yake yanaumia polepole.

Ndiyo maana anapaswa kuangaliwa na mtu aliyefunzwa kutazama umezaji, na pale penye shaka afanyiwe picha ya eksirei inayopigwa mfululizo huku akimeza chakula kilichochanganywa na dawa ya bariamu. Kipimo hicho hakipatikani kila mahali. Kikikosekana, historia ya nimonia, uzito na uangalizi wa makini wakati wa kula humpa daktari mengi ya kuamulia. Mwambie kila unachokiona, hata kile unachodhani ni kidogo.

Mtoto wangu ni njiti na bado yuko wodini. Nianze lini kumnyonyesha?

Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki ya 32 hadi ya 34 ya umri wa mimba, na ndiyo sababu watoto waliozaliwa kabla ya hapo hulishwa kwa mrija. Lakini kusubiri wiki ya 34 hakumaanishi kukaa bure. Huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na ambayo leo inafanyika katika wodi nyingi za watoto wachanga Afrika Mashariki, humweka mtoto kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, mahali ambapo huinusa na kuilamba chuchu mwenyewe.

Muuguzi anapopitisha maziwa kwenye mrija, mwombe akuruhusu kumweka mtoto kwenye titi ambalo umekwisha kulikamua. Atanyonya bila kupata maziwa mengi ya kumpalia, na wakati huohuo tumbo lake litakuwa linajaa. Imeonekana kuwa watoto wanaonyonya namna hii wakati wa kulishwa kwa mrija huwahi kuhamia kwenye ulaji wa mdomo.

Hatua inayofuata mara nyingi ni kikombe kidogo. Mpakate mtoto akiwa amekaa karibu wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yafike ukingoni, kisha ngoja. Atatoa ulimi na kulamba kama paka anavyolamba. Usimimine. Mtoto wa kilo moja na nusu anaweza kuchukua dakika nyingi kumaliza mililita chache, na hiyo ni kazi kubwa kwake.

Tumeambiwa asipewe chochote kwa mdomo kwa sasa. Je, tusubiri tu?

Hapana. Katika ukurasa huu wote, hapa ndipo ninapotamani msomaji akae kwa muda mrefu, kwa kuwa miezi mingi hupotea kwa sababu hakuna aliyemwambia mzazi kwamba mdomo usiolishwa bado unaweza kufundishwa.

Anza na kuandama wakati wa chakula wa nyumba. Mtoto alishwe kwa mrija saa ileile ambayo wengine wanakula, akiwa amekaa nao, si chumbani peke yake akiwa amelala chali. Asikie sufuria ikifunuliwa, anuse kitunguu kinachokaangwa, aone kaka yake akitafuna na kucheka. Kabla ya kufungua mrija mwonyeshe na umwambie kuwa sasa ni wakati wa kula, ili ajifunze kuunganisha harufu, watu na kushiba.

Kisha uzoeshe uso na mdomo wake kuguswa kwa mapenzi. Usianzie mdomoni. Anzia mahali anapopapenda, pengine kiganja au bega, upande shingoni, shavuni, na ufike kwenye midomo siku anayokuruhusu. Akigeuza uso, rudi ulikotoka. Mpe vitu safi vya kupeleka mdomoni mwenyewe, kama kijiko cha plastiki, kitambaa safi kilichokunjwa, mswaki laini. Mswaki una faida mbili, kwa maana mtoto asiyekula naye huota ukoga menoni, na mate yenye bakteria nyingi yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia.

Wapo pia watoto waliozaliwa na umio usiounganika na tumbo, ambao hulishwa kwa mrija wa tumboni wakisubiri upasuaji mkubwa. Wale waliotobolewa tundu shingoni ili mate yatokee hapo wanaweza, kwa idhini ya daktari wao, kupewa vijiko vichache vya maziwa au uji kwa mdomo. Chakula hicho hutoka shingoni na kupokelewa kwa kitambaa, huku mrija ukijaza tumbo kwa wakati uleule. Kwa mtazamaji hiyo ni kazi ya kuchosha isiyo na matunda, lakini mtoto aliyefanyiwa hivyo huamka baada ya upasuaji akiwa tayari anajua kumeza, na mwenzake ambaye hakufanyiwa hujikuta anaanza moja.

Bibi yake anasema nimlaze, nimbane pua na kumnywesha uji, atazoea. Je, ni sawa?

Si sawa, na kwa mtoto huyu ni hatari kubwa zaidi kuliko kwa mwingine. Ukimlaza chali na kumziba pua, atalazimika kuvuta hewa kwa mdomo uliojaa uji, na kinachoingia na hewa hiyo huishia kwenye mapafu. Watoto hufa kwa njia hii.

Hata asipopaliwa, kuna hasara nyingine inayochukua muda mrefu kuponya. Mtoto aliyekwisha umizwa mdomoni hospitalini hupata ushahidi mpya kwamba kila kinachokuja usoni kinakuja kwa nguvu, na kazi ya majuma mengi inaweza kuharibika kwa mlo mmoja. Kumlazimisha kuna sura nyingine pia zilizofichika: kumdanganya kwa simu ili asione kijiko kikiingia, kumvizia akipiga miayo, kumchapa kidogo, au kumsifia mno kila anapomeza mpaka awe anakula kwa ajili ya kuwafurahisha watu. Katika yote hayo umakini wa mtoto huondolewa kwenye tumbo lake na kupelekwa kwingine.

Mgawanyo wa kazi uwe hivi: mzazi huamua chakula gani kiandaliwe, saa ngapi na mahali gani, na mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Kijiko kisimame mbele ya mdomo wake, kwa umbali wa upana wa kiganja, na wewe ungoje. Akisogeza kichwa mbele na kufungua mdomo, mpe. Akiangalia pembeni, kishushe. Mweleze bibi yake kwa heshima kwamba hukatai ushauri wake wa kumlisha mjukuu, ila mapafu ya mtoto huyu hayavumilii njia hiyo, na umpe kazi ambayo ni yake kwa haki, yaani kumpakata mjukuu wake na kula mbele yake kwa furaha.

Je, ni lazima asikie njaa ili ajifunze?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, lakini njaa hiyo hupangwa na kusimamiwa. Mila zetu haziruhusu mtoto alale na njaa, na ni mila njema. Kinachohitajika hapa ni hamu ya chakula kabla ya mlo, si kushinda na njaa.

Hatua ya kwanza si kupunguza chochote bali kupanga upya. Maziwa yanayotiririka usiku kucha huhamishiwa mchana kidogokidogo, na milo ya mrija hulinganishwa na nyakati za kawaida za kula, kwa mfano milo 5 yenye nafasi ya saa 3 au zaidi kati yake. Katika kila mlo mtoto hupewa kwanza nafasi ya mdomo, dakika 20 hadi 30 na si zaidi, ndipo mrija humalizia.

Hatua ya pili ni kupunguza kiasi cha mrija kwa makubaliano na daktari au afisa lishe. Tuchukue mtoto wa kilo 10 anayepewa mililita 200 mara 5 kwa siku. Kila mlo unaweza kushushwa hadi mililita 160, na zile mililita 40 zikarudishwa kama maji safi kupitia mrija baadaye kidogo, katikati ya milo. Mtoto wa uzito huo huhitaji karibu lita 1 ya majimaji kwa siku. Maji humlinda asikaukiwe, na kwa kuwa hayana nguvu ya chakula hayamwondolei hamu ya kula. Hukaa hivyo kwa siku kadhaa, na kama anaendelea vizuri hupunguzwa tena.

Wapo watoto ambao njia hii haiwafai kabisa bila kulazwa hospitalini, au haiwafai kamwe. Hao ni wenye magonjwa ya kimetaboliki yanayowafanya wapungukiwe sukari mwilini wakikaa na njaa, wenye ugonjwa mkali wa moyo, waliokwisha kukonda sana, wenye homa au kuharisha kwa wakati huo, na wale ambao usalama wa kumeza haujathibitishwa. Kupunguza mrija kwa uamuzi wa nyumbani peke yake, kwa sababu jirani alifanya hivyo akafaulu, ni kumhatarisha mtoto.

Nianze na vyakula gani?

Ugumu wa chakula ndio wa kuangalia kwanza, jina lake baadaye. Watu wengi huanza na maji au chai wakidhani ni vyepesi, ilhali kimiminika chepesi ndicho kigumu zaidi kwa mtoto asiye na uzoefu, kwani hukimbia kooni kabla hajajiandaa. Kilicho rahisi zaidi kwa wengi ni chakula laini, kizito kiasi na chenye ulaini ulio sawa wote. Kiweke kwenye kijiko na ukiinamishe. Kikianguka kwa pamoja kama donge laini bila kuchuruzika na bila kunata, kinafaa kwa kuanzia.

Majiko yetu yamejaa vyakula vya namna hiyo. Mtori wa Kilimanjaro, uliosagwa ndizi na nyama mpaka ukawa laini, unafaa sana, na bokoboko la pwani lililopondwa vizuri vilevile. Parachichi lililopondwa, boga, viazi vitamu vilivyochanganywa na maziwa, matoke yaliyolainishwa na mtindi vyote vinafaa. Kinyume chake, supu yenye vipande vinavyoelea, wali mkavu unaotawanyika mdomoni na chungwa linalotoa maji na nyuzi kwa pamoja vingoje, kwa kuwa vinamtaka mtoto ashughulikie vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kwa kuwa mwanzoni atameza kidogo sana, kila kijiko kibebe nguvu nyingi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina takriban kilokalori 40, na tui zito la nazi, siagi ya karanga iliyosagwa laini au maziwa hufanya kazi hiyohiyo. Uji wa lishe uliokuwa mzito mno unaweza kulainishwa kwa unga wa kimea, ambao hupunguza uzito wa uji bila kulazimika kuongeza maji na kuupunguzia lishe. Lakini kwa mtoto anayepaliwa na vyepesi, kimea kitumike kwa uangalifu, maana kikizidi uji huwa kama maji.

Usikae kwenye vyakula vilivyosagwa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Uchunguzi mkubwa uliofuatilia watoto wa eneo la Bristol nchini Uingereza ulionyesha kuwa waliochelewa kupewa chakula chenye vipande hadi baada ya miezi 9 walikuwa na matatizo zaidi ya kula walipofikia miaka 7. Watoto hao hawakuwa wa mrija, lakini somo linawahusu hata wetu: mtoto akishamudu laini, mpe kilichopondwa kwa uma, kisha vipande vinavyoyeyuka mdomoni. Asali isitolewe kabla ya mwaka 1. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisubiri mpaka afike miaka 5.

Inasemekana mtoto hujifunza kwa kucheza na chakula. Si kumfundisha tabia mbaya?

Katika hospitali ya chuo kikuu cha Graz nchini Austria, ambako watoto wengi wameondolewa kwenye mirija kwa miongo kadhaa, sehemu muhimu ya tiba ni kuwakalisha watoto sakafuni pamoja na wazazi wao katikati ya vyakula vya kila aina, bila mtu yeyote kumlisha mtoto. Watoto hushika, humwaga, hulamba vidole, huwalisha mama zao, na wengine hufika mdomoni kwa hiari yao baada ya siku chache.

Msomaji wa pwani ataitambua hali hiyo mara moja, kwani sisi tuna mkeka na sinia. Tandika mkeka, weka sinia katikati, mkalishe mtoto kati ya ndugu zake akiwa na sehemu yake mbele yake, na wote mle kwa mkono. Wali uliolainishwa kwa mchuzi wa nazi, kipande cha ndizi ya kupikwa, papai. Mwache aufinyange wali mpaka upite kati ya vidole. Mkono uliozoea unyevunyevu na ubichi wa chakula hauuogopi mdomoni, na mtoto ambaye vidole vyake vimejaa mchuzi hufika wakati akavilamba bila kuambiwa. Usimfute kila dakika, kwa kuwa kitambaa usoni ni kero nyingine kwake. Mwogeshe mwishoni. Adabu za kula atafundishwa baadaye, akishakuwa mlaji.

Lipo sharti moja, kwamba awe amekaa vizuri. Kichwa kiwe wima na kiiname mbele kidogo, mgongo uwe na pa kuegemea, na miguu iwe na pa kukanyaga au ikunjwe imara. Mtoto anayepigania kutoanguka hana nguvu ya kujifunza kumeza.

Kila akionja anashtuka kooni kama anayetaka kutapika. Niache?

Mshtuko wa koo ni ulinzi, na kwa mtoto asiye na mazoea sehemu inayouamsha iko mbele zaidi ya ulimi kuliko kwa mtu mzima. Ukitokea mara mojamoja, tulia, usifanye uso wa hofu, na umpe nafasi ya kutema. Ukitokea kila mara, rudi hatua moja nyuma, ama kwenye chakula laini zaidi ama kwenye kulamba kidole tu. Akitapika baada ya kila mlo wa mrija, huenda maziwa yanapitishwa haraka mno au ni mengi kwa mara moja. Shusha bomba la sindano ili yateremke polepole, na umwone daktari. Na akiwa na mrija wa pua, mwulize pia kama ni mwembamba kiasi kinachofaa, maana mrija mnene hugusa koo kila anapomeza.

Ni kiasi gani cha kupungua uzito kinachokubalika?

Vituo vingi vinavyosimamia kuachishwa mrija huvumilia kupungua kidogo kwa muda mfupi, na huweka mpaka usiozidi asilimia 10 ya uzito wa kuanzia. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni kilo 1, na kwa mtoto aliyeanza akiwa mwembamba mpaka huwekwa chini zaidi ya hapo. Mpime kila wiki kwa mizani ileile, akiwa bila nguo, na uandike kwenye kadi ya kliniki. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono husaidia pia kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 12.5 ni onyo, na chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja.

Jambo la kuangalia kila siku ni mkojo. Nepi zenye mkojo zikipungua chini ya 4 kwa saa 24, mdomo ukikauka, au mtoto akilegea, rudisha majimaji kwa mrija na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo. Je, ataachana na mrija?

Wapo wanaoachana nao, wapo wanaokula nusu kwa mdomo na nusu kwa mrija, na wapo ambao kumeza hakutakuwa salama kwao. Hakuna kati ya hali hizo iliyo aibu. Kwa mtoto ambaye kila mlo ulichukua saa nzima ya kukohoa na kulia, mrija wa tumboni unaweza kumrudishia uzito, usingizi na furaha, na akabaki na vijiko vichache vya ladha anayoipenda kila jioni, iwapo daktari ameona ni salama. Mimi ningehesabu hayo kuwa mafanikio. Mzazi asikubali kushindanishwa na mzazi mwingine katika jambo hili.

Majirani wanasema mtoto amebemendwa. Niwajibu nini?

Waambie mtoto ana ugonjwa unaojulikana na una jina, na ulitaje. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kaakaa lililopasuka, au aliyemeza kostiki soda ya kutengenezea sabuni ikachoma umio wake, hakukonda kwa sababu ya mwenendo wa wazazi wake. Shutuma hizi huwaumiza akina mama wengi kuliko mrija wenyewe, na baba wa mtoto anaweza kuzizima kwa kusema waziwazi mbele ya ndugu kile daktari alichoeleza.

Wataalamu wa umezaji wanapatikana wapi?

Bado ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na wahitimu wake ni miongoni mwa wanaofanya kazi hii katika ukanda wetu. Waulizie katika hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au Kenyatta jijini Nairobi. Kwa watoto wenye midomo na makaakaa yaliyopasuka, hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ina uzoefu wa miaka mingi. Mahali asipokuwepo mtaalamu wa usemi, tafuta daktari wa watoto, mtaalamu wa utengamao na afisa lishe wanaokubali kuzungumza pamoja. Video fupi ya mtoto akila, iliyopigwa kwa simu kutoka ubavuni ili shingo na kidevu vionekane, huwasaidia sana, kwa maana watoto wengi hawali kabisa mbele ya mgeni mwenye koti jeupe.

Mrija utolewe lini?

Mrija wa pua huweza kutolewa mapema, pale mtoto anapopata kwa mdomo karibu mahitaji yake yote ya chakula na maji kwa siku kadhaa mfululizo. Wapo ambao hula vizuri zaidi mara tu unapotolewa, kwa kuwa koo limepata nafasi. Ikilazimu hurudishwa, na kuurudisha si kushindwa.

Mrija wa tumboni hauna haraka hiyo. Madaktari wengi hupenda ukae miezi kadhaa bila kutumika kwa chakula, ukisafishwa kwa maji kila siku, mpaka mtoto apitie walau ugonjwa mmoja wa kawaida, kama mafua au homa, huku akiendelea kula na kunywa vya kutosha na uzito wake ukipanda. Dawa zake pia ziwe zimehamia mdomoni kabla ya siku hiyo. Ukishatolewa, tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache, kwa hiyo usiutoe mwenyewe nyumbani, na ukichomoka kwa bahati mbaya kabla ya wakati wake, funika tundu kwa kitambaa safi na uwahi hospitali. Kwa watoto wengi tundu huziba lenyewe baada ya siku au majuma machache. Likiendelea kuvujisha chakula baada ya mwezi mmoja, daktari wa upasuaji huliangalia na, ikihitajika, hulishona.